Buluu ya Ndani ya Upindo

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Mwanangu mpendwa, Chiriku wa baba yako,

Barua hii ikukute umekula na umelala vya kutosha, maana hayo mawili ndiyo afya, mengine mbwembwe. Kifua chako kimepona? Ulipopiga simu mara ya mwisho nilikusikia unakohoa halafu ukajifanya unacheka. Mimi ndiye niliyekuzaa, kikohozi chako nakijua tangu hujaota meno. Vaa soksi. Usiniambie soksi hazihusiani na kifua, zinahusiana.

Sisi huku hatujambo. Mguu wangu wa kushoto unauma kisha unaacha, wenyewe haujui unataka nini. Mdogo wako mzima, anaimba kutwa, hata akikosa maneno anaendelea kuimba. Baba yako mdogo naye yupo, habari zake utazikuta huko mbele. Nakujua, ukiona ametajwa utaruka mistari. Usiruke. Nakuomba kama mama, usiruke.

Hati yangu unaijua, kama kuku amepita kwenye wino. Shule niliiacha kabla haijanizoea, kwa hiyo utakapokosa herufi weka mwenyewe. Mdogo wako alitaka aniandikie kwenye simu nikakataa. Yapo mambo mtu anayaandika kwa mkono wake hata kama mkono mbovu. Tena kwenye simu kila nikitaja neno baba, wewe unasema mtandao umekatika. Mtandao gani huo, mwanangu, unaochagua maneno?

Haya. Mdogo wako anaolewa mwisho wa mwezi ujao, na seremala wake yule mrefu anayeinama kwenye kila mlango hata usiomfikia. Hilo unalijua. Umesema hutakuja kwa sababu ya kazi, na mimi kila anayeniuliza namjibu hivyohivyo, kazi, kazi. Lakini mimi na wewe tunajua si kazi. Tangu siku ya mazishi, baba yako mdogo aliposimama mlangoni mbele ya watu wote akasema wewe ndiye uliyemkata maini baba yako kwa ule ubishi wako wa kwenda chuo cha mbali, na hayohayo maini ndiyo yaliyomuua, hujakanyaga tena kizingiti hiki. Uliondoka jua halijazama, na hata maji hukunywa. Najua unalala na neno lile na unaamka nalo. Mimi pia nalala nalo. Sikuweza kukuambia si kweli, kwa sababu sikuwa na kitu mkononi, nilikuwa na mapenzi tu, na mapenzi ya mama nani anayasikiliza.

Sasa ninacho kitu mkononi. Ngoja nikusimulie nilikokipata, nianzie mbali kidogo, maana nikikurukia mwishoni hutaniamini.

Mdogo wako alitaka picha ya baba yenu ikuzwe, iwekwe kwenye fremu ukumbini siku ya harusi, naye awepo. Picha ya maana tunayo ile moja tu, unaikumbuka. Ulipomaliza mtihani wako wa mwisho, mpiga picha akatupanga mbele ya mlango. Baba yako ameketi kwenye kiti, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Mimi nyuma yake na gauni langu la buluu. Wewe umemwegemea begani. Mdogo wako anacheka bila meno ya mbele. Wakati ule chuo kilikuwa hakijatajwa, ubishi haujaanza, hakuna aliyemnunia mwenzake. Hilo lishike, usiliachie.

Picha ile imekaa ukutani inatazamana na dirisha miaka yote hii, jua limeilamba. Imekuwa nyekundu, sote tumeiva kama tumetolewa tanuruni. Gauni langu limekuwa rangi ya udongo, ukiniona humo utadhani nimevaa gunia. Nikaivua ukutani, nikaifunga kwenye taulo, nikaipeleka kwenye duka la kuchapisha picha nyuma ya kituo cha mafuta.

Duka lenyewe chumba kimoja kirefu, feni inalalamika juu, na katikati kuna mashine kama kabati la nguo lililolazwa. Mwenyewe ni mama wa makamo, mnene, mwepesi wa kucheka, watu wanamwita Bi Wino kwa sababu kucha zake haziishi madoa. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akasema mama yangu hapa pana kazi, hawa watu wameungua. Akaifunika kwenye kioo cha kunakilia, tukatokea wote kwenye kompyuta, akaanza kutupunguza wekundu. Kwenye kompyuta baba yako alipendeza, mwanangu, nikaanza hata kufunga taulo langu niondoke. Mashine ikaguguna, ikaguguna, ikatema karatasi. Baba yako alikuwa kijani. Kijani kama mtu aliyekula uyoga asioujua, na mistari imempita usoni kama kavalishwa wavu.

Nilipiga kelele. Bi Wino alicheka mpaka akashika meza, kisha akaniomba radhi, akasema kosa ni lake, asubuhi hiyo aliwasha mashine akaanza kazi bila kuiimbisha. Akanieleza mashine ni kama kwaya, kila siku lazima waimbe kidogo ajue nani yuko nje ya sauti. Akachapisha karatasi ya vijisanduku vya rangi, vingi kama dirisha la duka la vitambaa, akapitisha kidude kidogo juu ya kila kijisanduku, kinasoma rangi na kuiambia mashine hapa umezidisha, hapa umepunguza. Ikaonekana vitundu vya wino wa waridi vimeziba, ndiyo maana baba yako alibaki kijani. Akavisafisha. Na akanionya nisiiamini tena ile kompyuta, kwa sababu kioo chake kinawaka kama taa, karatasi haiwaki, karatasi inategemea mwanga wa hapo ilipo. Hata simu, akasema, kila moja ina rangi zake, mtu mmoja kwenye simu mbili ni watu wawili. Ndiyo sababu sikukutumia picha kwenye simu.

Nilimwomba anionyeshe wino. Chupa nne tu. Samawati, waridi kali, manjano na nyeusi. Nikachungulia nyuma ya mashine nikidhani nyingine zimefichwa. Nikamwuliza, sasa rangi ya watu iko wapi? Alicheka tena, huyu mama akicheka hata feni inanyamaza. Akanipa kioo cha kukuzia, akaniwekea shavu la baba yako chini yake. Mwanangu, shavu lile ni vidoti! Vya waridi, vya manjano, vya samawati, na vyeusi hapa na pale, kama nafaka zimemwagika sakafuni. Ukiondoa kioo, shavu linarudi. Nikamwuliza na nyeupe, mbona sioni chupa yake. Akasema nyeupe haina chupa. Nyeupe ni karatasi yenyewe, mashine inaparuka tu, haidondoshi kitu. Na hili nalo lishike.

Mashine ilipokuwa sawa, akachapisha baba yako mara tatu kwenye karatasi moja, kila uso na mchanganyiko wake, akaniambia nichague mume wangu ni yupi.

Hapo ndipo nilipokwama. Nilitazama wa kwanza nikaona ndiye. Nikatazama wa pili nikaona ndiye zaidi. Nikarudi kwa wa kwanza nikaona mgeni. Mtu niliyemfulia mashati, niliyemkanda mgongo, niliyemfumba macho kwa mkono wangu huu, sikuwa na hakika na rangi yake. Niliogopa, Chiriku. Nilihisi kama nimemwibia mtu kitu. Nikaichukua ile karatasi kwenda nyumbani, na tangu hapo sikutulia. Nilikuwa naweka sufuria motoni, naiacha, naenda dirishani kutazama nyuso tatu, narudi, maji yamekauka. Mdogo wako akasema bila kufikiri kwamba baba alikuwa mweupe, yaani alikuwa kama yeye mwenyewe, si anataka kufanana naye. Baba yako mdogo alipopita akasema mweusi tii kama lami, katika ukoo wao hakuna wa maji ya kunde, labda tunamtafuta mume mwingine. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nikabaki nawatazama kama shahidi aliyesahau kesi.

Nikarudi kwa Bi Wino nikamwambia nimeshindwa. Hakucheka safari hii. Akasema uso haufai kupimia rangi, kwa sababu kila anayeupenda anauona anavyotaka. Nikamletee kitu chochote kilichomo pichani ambacho bado kipo, akisawazishe hicho, uso utafuata wenyewe.

Basi nikaanza kusaka. Mlango tulishabadilisha. Kiti kilipakwa rangi, kikapakwa tena juu yake. Shati jeupe alizikwa nalo. Limebaki gauni langu. Nilitoa sanduku lote kitandani, nikalikuta chini kabisa, nikalikumbatia, nikalipeleka. Bi Wino akalikunjua mezani. Gauni limepauka, mwanangu, kama maji yaliyobaki baada ya kufua. Miaka mingapi nimelivaa juani, nimelisugua, nimelianika. Akasema taratibu kwamba na hili nalo limezeeka pamoja na mimi.

Nilirudi nalo begani. Nikaketi kwenye kizingiti, na unajua mkono wangu nikiwa na wasiwasi hautulii, lazima uchokonoe kitu. Nikawa nachokonoa uzi wa upindo wa chini. Ukakatika. Upindo ukafunguka kidogo. Nikaangalia ndani.

Buluu, Chiriku. Buluu ya siku ile. Jua halikuwahi kuingia humo, sabuni ilipita mbio tu. Imekaa mle ndani ikiningoja miaka yote, na mimi natembea nayo miguuni sijui. Nilisimama nikakimbia, mguu ukasahau kuuma. Nilipofika dukani ndipo Bi Wino akaniuliza mbona nimevaa ndara yangu moja na moja ya mdogo wako.

Akaweka kidude chake juu ya upindo kikasoma. Kisha akaanza kurudisha samawati, maana alisema samawati ndiyo iliyoliwa na jua kwanza, ndiyo maana tulibaki wekundu. Akichapisha kipande cha gauni, analaza upindo pembeni, anatikisa kichwa. Anachapisha kingine. Tukawa tunatoka nao nje kivulini kila mara, si kwenye taa wala juani, watu wa kituo cha mafuta wakatuzoea. Mpaka kikatoka kipande ambacho upindo ulipolazwa juu yake sikuona unapoishia. Bi Wino akapiga kofi moja. Akasema ukishika pembe ya mkeka, mkeka wote unakuja. Akachapisha picha nzima.

Baba yako alikuja. Sina neno lingine. Alikuwa maji ya kunde, amekoza kuliko anavyosema mdogo wako na hajafikia lami ya mdogo wake. Paji la uso lina ule mng'ao. Mimi niliketi juu ya boksi la karatasi bila kuambiwa niketi, na Bi Wino akajifanya anatafuta kitu mezani.

Nilipopata pumzi nikamwona ana kitambaa anafuta kioo cha kompyuta, anafuta, anatazama picha, anafuta tena. Akasema kuna uchafu kidogo wa manjano kwenye macho ya baba, bila shaka karatasi ya zamani imechacha, asiogope mama, anautoa sasa hivi kwa mkono, macho ya watu anayang'arisha kila siku. Mkono wake ulikuwa umeshafika. Sijui nini kilichoniambia niseme ngoja.

Nikamwuliza, kama karatasi imechacha, mbona macho yangu meupe? Akatazama. Nikamwuliza, mbona na ya mwanangu huyu meupe, na ya huyu mdogo kibogoyo? Karatasi ni moja, jua ni moja, mashine ni moja. Akachukua kioo cha kukuzia akainama muda mrefu. Kwenye kola ya baba yako hakuna kidoti hata kimoja, karatasi tupu, nyeupe imetoka nyeupe. Kwenye macho yako, karatasi tupu. Kwenye macho ya baba yako vimejaa vidoti vya manjano, vya manjano peke yake. Akaniachia kioo nione mwenyewe. Akasema kwa sauti ndogo, mama, hii mashine haijabuni kitu, mzee alikuwa hivi siku hiyo.

Umenielewa, mwanangu? Siku hiyo. Siku umemwegemea begani. Kabla ya chuo, kabla ya ubishi, kabla ya mlango kubamizwa, kabla hujapanda gari. Macho yale ya manjano tuliyoyaona akiwa kitandani, tukasema yameletwa na huzuni ya mtoto, alikuwa nayo tayari amekaa kwenye kiti na shati la pasi anatabasamu.

Utaniuliza mbona sikuyaona. Najiuliza mimi kabla yako. Nilikuwa namwona kila siku. Mtoto anayekua mbele yako humwoni akikua, wageni ndio wanaosema amekuwa. Na picha yenyewe ilikuwa na ukubwa wa daftari, macho ya mtu humo ni punje za mchele, halafu jua likaja likayafunika kwa wekundu wake. Tulining'iniza jibu ukutani tukawa tunalifuta vumbi.

Nilipotoka pale sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa baba yako mdogo. Nikamwekea picha mapajani. Alipoona macho alishtuka, nilimwona, kisha akaanza kufoka. Akasema mashine za siku hizi ni waongo, zinaweza kumpa ndevu mtu asiyekuwa nazo, yeye ameendesha malori maisha yake yote na hajaona mashine isiyodanganya, hata geji ya mafuta inadanganya. Nikamwambia shemeji, kama ni mwongo twende ukaupime uongo wake. Mama yako mdogo, mkewe, akavaa viatu upesi, alisema tamasha kama hili haliachwi.

Bi Wino hakubishana naye. Alimketisha nje kivulini, akampiga picha anacheka kwa lazima, akaichapisha palepale bila kugusa chochote. Ikatoka. Macho meupe safi. Shati jeupe, na doa la mchuzi kifuani ambalo hakulijua. Na meno! Meno ya tumbaku, mwanangu, rangi ya mlango wa stoo. Mama yako mdogo aliishika picha akacheka mpaka akaketi chini. Alisema mashine hii haijakosea hata jino moja, yeye ameyasema meno hayo tangu mtoto wao wa kwanza hajazaliwa akaambiwa ana mdomo. Kila mtu pale alicheka, hata mimi, Mungu anisamehe. Baba yako mdogo hakucheka. Aliikunja picha yake, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Nikadhani ni aibu ya meno.

Haikuwa meno.

Hapa ndipo nilipokuomba usiruke.

Alikuja asubuhi moja, mimi nafagia. Nikampa kiti, hakuketi. Alisimama palepale mlangoni, mahali palepale aliposimama siku ya mazishi. Akasema alijua. Akasema kabla hata ya siku ya ile picha, kaka yake alimwomba ampeleke hospitali kwa lori, kimya kimya, tumbo linamjaa na chakula hakitaki kukaa. Walipotoka kwa daktari, baba yako alimwambia ini limeharibika na lilianza kuharibika siku nyingi. Akamshika mkono akamwapisha asiseme kwangu wala kwa mtoto, maana Chiriku yuko kwenye mtihani, na habari kama hii ikiingia chumba cha mtihani mtoto hatatoka salama. Akasema atatuambia mwenyewe mtihani ukiisha. Mtihani ukaisha, tukapiga picha, akaona tunavyocheka, akasema aache kidogo. Ikawa kidogo, kidogo, mpaka mwili ukasema wenyewe.

Nilimwuliza kwa nini basi alisema vile mbele ya watu. Alitazama chini. Akasema pale msibani kila mtu aliuliza mbona mgonjwa hakuwahishwa, mbona ndugu yake hakusema, na neno hilo lilikuwa linamtafuta yeye. Akatafuta pa kulitua. Akakuona wewe, umetoka mbali, una vumbi la safari, huna wa kukujibia.

Niliweka ufagio, nikaenda uani nikaosha sufuria zilizokuwa safi. Nikaziosha zote. Niliporudi bado amesimama. Akaniambia na jambo la mwisho, hilo ndilo lililonivunja. Siku ulipoondoka kwenda chuo, mlango umeubamiza, baba yako alikwenda kwake jioni. Yeye akadhani amekuja kulalamika. Baba yako alikuwa anacheka. Alisema Chiriku amenishinda maneno leo, nilitaka akae karibu kwa ajili yangu mwenyewe, amekataa, na amefanya vizuri. Alisema huyu mtoto ataishi, ana mdomo.

Hayo ndiyo aliyoyasema, Chiriku. Si mimi ninayekubembeleza. Ni yeye, kwa kinywa cha yule aliyekuumiza.

Baba yako mdogo aliomba nimwandikie salamu za msamaha humu ndani. Nimekataa. Nimemwambia neno lilitoka mbele za watu, litarudi mbele za watu, na kwenye harusi watakuwepo walewale. Amekubali. Anaogopa, simlaumu, na aogope. Mdogo wako alitaka macho ya baba yang'arishwe kwa ajili ya sherehe, lakini aliposikia yote hayo akalia, akasema kama baba mdogo atasema mbele ya watu, basi na baba akae pale na macho yake mwenyewe. Picha kubwa iko kwa seremala inatiwa fremu.

Ya kwako ndogo iko humu, katikati ya makadi mawili, usiikunje. Pamoja nayo kuna kipande cha kitambaa, nimekikata kwenye upindo wa gauni. Fanya hivi. Usiitazame chini ya taa, taa ya umeme inatia kila kitu manjano, utasema ni taa. Ngoja mchana, simama karibu na dirisha, jua lisikupige. Kwanza laza kitambaa juu ya gauni langu pichani. Kikipotea usione kinapoishia, ujue karatasi inasema kweli. Ukishaona hivyo, ndipo umtazame baba yako machoni. Halafu ujitazame na wewe mwenyewe ulivyomwegemea, na mkono wake ulivyo juu ya wako. Mkono ule nao haujaongezwa na mashine.

Mdogo wako anakusalimu, anasema usipokuja atatembea ukumbini kinyumenyume. Mama yako mdogo anakusalimu sana, anasema sasa mumewe anapiga mswaki mpaka mchana. Bi Wino naye anakusalimu ingawa hakujui, anasema katika sisi wote wanne wewe ndiye uliyekubali rangi upesi. Seremala anakusalimu kwa kuinama.

Mimi nitavaa gauni lile siku ya harusi. Najua limepauka, na mdogo wako ameshanuna. Upindo wa chini nimeuacha wazi pale nilipokata, nyuzi zinaning'inia, watu waone tu. Sitaushona kwa kitambaa kingine. Sindano nimeichomeka palepale na uzi wake ndani. Nangoja uniletee kipande changu.

Ni mimi mama yako,
ninayekungoja.